Skafu mbili za bonge moja la uzi

LUBERO – Mizani ya kupimia dhahabu ni kitu kidogo, huingia katika mfuko wa koti, na hapa Lubero imezoea vumbi na punje zinazoletwa na wachimbaji kutoka vijiji vya wilaya. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi 2024, mizani ya namna hiyo iliwekewa bonge la uzi. Aliyelileta alikuwa mama mmoja mhami wa vita kutoka Kanyabayonga, mtoto mchanga mgongoni, na binti wa miaka saba amemshika kitenge. Mwenye duka alidhani mama amekosea mlango.

– Mama, huku tunanunua dhahabu tu.

– Najua, papa. Siuzi kitu. Naomba unipimie hili bonge, kisha unisaidie kuligawa katikati. Nina mabinti wawili na sitaki mmoja aseme mwenzake alipewa zaidi.

Bonge lilipimwa. Gramu 100, sawa na ilivyoandikwa kwenye karatasi yake. Mama akaketi juu ya ndoo, akaanza kuzungusha uzi kutoka bonge lile kwenda kibonge kipya, akisimama kila mara kupima, mpaka pande zote mbili zikasoma gramu 50. Hakukata. Alifunga tu kijiuzi cheusi mahali nusu ilipoangukia, katikati ya rangi ya zambarau. Wachimbaji wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walitazama bila kusema neno. Mwenye duka hakudai hata franga moja.

Binti mmoja alikuwa pale dukani, ameshika kitenge cha mama. Wa pili, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa Goma kwa koko yake, ambako alipelekwa mwaka 2023 kuendelea na masomo. Mpango ulikuwa kwamba atarudi kila likizo. Lakini barabara ya kitaifa namba 2, ile inayotoka Goma na kupanda kupitia Rutshuru na Kanyabayonga hadi Butembo, ilikuwa tayari imekatwa na vita, na likizo zikapita moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024 mapigano yakaingia Kanyabayonga yenyewe. Mama akachukua watoto wawili aliokuwa nao, sufuria moja, na mfuko wa nguo, akafuata wengine kuelekea kaskazini. Baba wa watoto alikuwa amefariki kabla ya hapo, kwa ugonjwa. Kwa hiyo familia ilibaki vipande viwili: kipande kimoja Lubero, kingine Goma, na katikati mstari wa vita.

Wasiofika Lubero hushangaa wanapoambiwa habari ya baridi. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, na watu wa mbali wakisikia neno ikweta wanafikiri jua tupu. Lakini Lubero iko juu, karibu mita 2,000, na asubuhi ukungu hulala kwenye mashamba ya viazi mpaka saa tatu. Mhami anayelala katika chumba cha mbao zenye nafasi kati ya ubao na ubao, na blanketi moja kwa watu watatu, anaijua baridi hiyo kuliko mwenyeji. Binti wa miaka saba alianza kukohoa mwezi wa nane, na mama akaanza kutafuta uzi.

Kufuma alikuwa anajua. Kule Kanyabayonga ndiyo iliyokuwa kazi yake: triko za watoto wachanga, kofia, soksi ndogo zinazonunuliwa na familia siku mama anapotoka maternite. Uzi mpya wa dukani alinunua mara chache. Mara nyingi alikwenda sokoni siku balo linapofunguliwa, akachagua triko za mitumba ambazo hakuna mtu anazitaka, zilizotanuka shingo au zenye doa kifuani, akazifumua. Kazi hiyo ina macho yake. Kabla ya kulipa, alikuwa anageuza triko ndani nje na kutazama mshono wa ubavuni. Ukikuta kando ya kila kipande imefumwa nzima, na vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja tu, unakata ule uzi, unavuta, na triko lote linafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ukikuta mshono wa mashine, uliokatwa na kuzungushiwa nyuzi nyembamba, liache pale pale: kila mstari umekatwa pembeni, utapata vipande vya urefu wa mkono. Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama nywele. Unaufunga kwa duara, unauloweka, unauanika na jiwe dogo likining'inia chini, na kesho yake umenyooka.

Lubero hakuwa na pesa hata ya triko bovu. Uzi wenyewe ulifika kwa njia nyingine. Mtoto wa dada yake mkubwa anaishi Norwei, alikopelekwa na familia yake baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Huko kwenye theluji naye amejifunza kufuma. Aliposikia habari za kukimbia kwa mama mdogo, alituma dola kidogo kwa simu, na kwa mkono wa msafiri aliyekuwa anakuja Butembo akatuma kifurushi: dawa ya kikohozi, soksi za watoto, na bonge moja la uzi.

Mama alipolitoa, alikunja uso. Bonge lilikuwa na manjano, rangi ya chungwa, nyekundu, zambarau, buluu na kijani, zote pamoja. Kwa mtu aliyezoea kufumua mitumba, bonge la rangi nyingi maana yake ni masalio: vipande vilivyofungwafungwa, fundo kila mahali, kazi isiyouzika. Alianza kuvuta akitafuta mafundo. Hakuona hata moja. Manjano iliingia katika chungwa polepole kama asubuhi, chungwa ikaingia katika nyekundu, na uzi ulikuwa mmoja tu.

Maelezo yalikuja usiku, kwa sauti ya WhatsApp, mtandao uliporudi.

– Mama mdogo, huo ni uzi wa soksi. Usibadilishe rangi, wewe fuma tu. Milia itajitokeza yenyewe.

Na ndivyo ulivyo. Kiwandani uzi wa namna hii hutiwa rangi kwa vipande virefu: mita kadhaa za rangi ya kwanza, mita kadhaa za pili, mpaka rangi zote ziishe, kisha mzunguko unaanza upya. Urefu wa kila kipande umepigiwa hesabu ya mguu wa mtu. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba kama huo huwa na vitanzi kama 60 kuzunguka mguu, na kipande cha rangi moja kinatosha kuzunguka mara kadhaa kabla ya rangi inayofuata kuingia. Anayefuma hana haja ya kukata wala kuunga. Karatasi ya bonge, iliyoandikwa Kijerumani, ilisomwa na mwanafunzi wa jirani kwa kubahatisha tarakimu: mita 420, sufu sehemu 75 kwa mia na nailoni 25. Nailoni ndiyo inayofanya kisigino cha soksi kisitoboke haraka. Kwa shingo haina kazi kubwa, lakini watoto wa shule huburuta skafu zao hata pale pasipostahili.

Soksi mama alikwisha kupata, na mtoto hakohoi kwa sababu ya miguu. Aliamua kufuma skafu, wengine huku husema esharpe. Na hapo ndipo wazo la mbili lilipomjia. Skafu moja ndefu ingetosha mtu mzima, yeye mwenyewe kwa mfano, ambaye asubuhi alikuwa anakwenda kuvuna viazi vya watu akiwa na kitenge mabegani. Mbili fupi zingetosha mabinti. Na zikiwa mbili, alitaka zifanane mlia kwa mlia, ya Lubero na ya Goma, kiasi kwamba ukiziweka pamoja usijue ipi ni ipi. Jirani yake alimwambia huo ni ushindani na bure, mtoto hana haja ya mfano wa mwenzake, ana haja ya joto. Mama hakubishana. Alikwenda kwa mnunuzi wa dhahabu.

Sindano zilibaki Kanyabayonga. Fundi kinga wa karibu na soko alimpa rayo mbili za gurudumu bovu, bure, lakini rayo za kinga ni nyembamba, milimita mbili tu, na zinafaa soksi. Kwa skafu inayotakiwa kuwa laini, uzi unahitaji nafasi. Akatafuta rayo za pikipiki, ambazo ni nene zaidi. Fundi akazikata zilingane, mama akazisugua ncha kwenye jiwe na maji mpaka zikateleza kwenye ngozi bila kuchoma. Nyuma ya kila moja aliyeyusha kipande cha plastiki ya ndoo, kiwe kizuizi ili vitanzi visitoke.

Alianza vibaya. Akifikiri juu ya baridi, alianzisha vitanzi 60, skafu iwe pana. Baada ya jioni mbili alikuwa na kitu kipana kama kitambaa cha meza, na milia ilikuwa myembamba, rangi inaingia na kutoka kabla jicho halijaizoea. Tena ingekuwa fupi, isingefunga shingo hata mara moja. Akafumua yote. Mwenye kufuma kwa uzi wa rangi moja haoni jambo hili, lakini uzi wa milia unalionyesha waziwazi: rangi haijui kama unafuma pana au nyembamba, yenyewe ina mita zake nne hivi na zikiisha zimeisha. Ukiweka vitanzi vingi, mita hizo zinatumika kwa mistari michache. Ukivipunguza kuwa nusu, mlia unanenepa mara mbili. Alianzisha upya kwa vitanzi 30, na kila rangi ikatoa mistari kumi na miwili, mlia wa zaidi kidogo ya sentimita mbili, unaosomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

Aina ya ufumaji haikumsumbua. Ukifuma upande mmoja vitanzi vya mbele na upande wa pili vya nyuma, kitambaa kinatoka laini kama cha dukani, lakini kando zake zinajikunja ndani na skafu inakuwa bomba. Ukifuma vitanzi vya mbele kila mstari, kwenda na kurudi, kitambaa kinakuwa na vijimatuta, kinalala chini, na kinashika joto. Aliichagua hiyo ya pili. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari alikihamisha bila kukifuma, ili pembeni pabaki pamenyooka. Mengine ni mikono. Alifuma alfajiri kabla ya kwenda shambani, na jioni mpaka giza lilipomzuia, kwa kuwa mshumaa ulikuwa wa kupikia mtoto uji usiku.

Kitu alichokilinda kuliko vyote ni mwanzo. Alivuta uzi mpaka pale manjano inapoanzia, na kitanzi cha kwanza cha skafu ya kwanza kikawa manjano. Alihesabu milia hamsini: mizunguko minane kamili, kisha manjano na chungwa, akafunga vitanzi. Skafu ilikuwa na urefu wa kama sentimita 115. Ili ya pili nayo ianze na manjano, ilibidi avute pembeni nyekundu, zambarau, buluu na kijani, kama mita 16. Hakutupa. Alizizungusha zikawa kibonge kidogo kama ndimu, akakiweka kwenye kopo chini ya kitanda.

Sokoni mwanamke mmoja aliiona skafu ya kwanza na kutaja franga elfu kumi na tano. Kwa mhami anayelipwa viazi badala ya pesa, hilo si neno la kupuuza, na mama alikaa usiku mzima akilifikiri. Mwenye nyumba alikuwa anadai. Asubuhi alimjibu kwamba angemfumia nyingine akileta uzi wake. Mwanamke hakurudi.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili alipatikana mchuuzi, mama mwenzake, anayefanya safari za kuzunguka. Kwa kuwa njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa, mtu wa Lubero aliyetaka kufika Goma, safari ambayo zamani ilikuwa ya siku moja, alishuka Butembo, akapita Kasindi, akavuka Uganda, akaingia Rwanda, na kutokea Gisenyi. Zilikuwa nchi tatu ili kufika katika jimbo lako mwenyewe. Skafu ya kwanza iliwekwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya bidhaa za mchuuzi, na barua ya mstari mmoja. Ile ya pili ilikuwa imeanza, mlia wa ishirini hivi.

Wiki mbili hazikupita, mapigano yakafika Alimbongo na Matembe, kusini mwa Lubero. Watu waliokuwa wamekimbia mara moja hawakusubiri kusikia milio kwa karibu. Mama alifunga mtoto mgongoni, akamshika binti mkono, akaweka skafu na rayo zake ndani ya sufuria, vitanzi vikiwa vimebanwa kwa kipande cha gunzi kila ncha, akapanda lori la viazi kuelekea Butembo, kilomita 45 hivi. Walipoteza blanketi njiani. Kibonge kidogo kama ndimu kilibaki chini ya kitanda.

BUTEMBO – Walipokelewa na familia moja ya mtaa wa pembeni, wenye watoto sita wao wenyewe, na wahami wengine wanane tayari wamelala sebuleni. Mama alirudi kwenye skafu siku ya tatu. Manjano, chungwa, nyekundu, zambarau, buluu, kijani, kila kitu kilikwenda kama cha kwanza. Mlia wa ishirini na saba ulikuwa nyekundu. Alipofika mwisho wake, kidole kikagusa kitu. Fundo.

Halikuwa lake. Lilifungwa kiwandani, pale uzi ulipokatika na mashine au mtu akauunga. Hutokea hata kwa uzi mzuri, na kwa uzi wa rangi moja ungelipita bila kujua. Hapa lilikuwa na maana, kwa sababu aliyeunga hakutazama rangi: baada ya nyekundu haikuja zambarau, ilikuja kijani. Zambarau na buluu ziliruka.

Mama alikaa na kazi magotini bila kusonga, mpaka mwenye nyumba akamwuliza kama amepata habari mbaya kwa simu.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza: kukata kwenye fundo, kuvuta uzi mpaka zambarau itokee tena, na kuendelea kwa mpangilio. Lakini hiyo ni kutupa kijani, manjano, chungwa na nyekundu, mita 16, na skafu ingekuwa fupi kuliko ya Goma kwa milia minne, yaani sentimita tisa. Ya pili: kuacha fundo, kuficha ncha zake, na kukubali kwamba kuanzia mlia wa ishirini na nane skafu hizi mbili si pacha tena. Njia ya tatu alikuwa nayo kichwani tu: zambarau na buluu zile zile, za uzi ule ule, zilikuwa Lubero ndani ya kopo. Angezichomeka pale na hakuna mtu angejua. Alisema mara mbili kwa sauti, zipo chini ya kitanda. Dereva wa lori aliyeulizwa alijibu kwamba anakwenda kutoa watu, si kuchukua nyuzi, na jibu lake lilikuwa sahihi.

Aliyemaliza shauri ni binti. Kabla ya kukimbia, siku mtandao ulipokuwepo, alikuwa amesikia mfumo wa skafu ya dada yake ukielezwa, na neno lililomkaa ni kwamba inazunguka shingo na ncha zinafika kiunoni. Yeye alitaka hiyo.

– Mama, usikate. Mimi nataka iwe ndefu kama ya yaya.

– Rangi hazitafuatana.

– Zifuatane za nini?

Basi mama akaacha fundo. Alilifungua, akaunga upya kwa kufuma ncha mbili pamoja vitanzi kadhaa ili lisimkwaruze mtoto shingoni, akaendelea na kijani. Milia hamsini ilitimia siku chache baada ya mwaka mpya. Ya Goma iliishia chungwa, hii ikaishia zambarau.

Katika nyumba ile wanawake wengine walianza kuuliza uzi wa namna hiyo unapatikana wapi. Haupatikani, angalau si kwa bei ya mhami. Mama akakumbuka mitumba. Wamechomeka vijiti viwili uani, mita mbili kutoka kimoja hadi kingine: kwenda na kurudi ni mita nne. Kila rangi ya triko lililofumuliwa inazungushwa mara moja na kukatwa, inaungwa na rangi inayofuata kwa mpangilio uliokubaliwa kabla, na bonge linajengwa hivyo. Ncha za mafundo zinafichwa wakati wa kufuma, ni kazi ya kuchosha, na si kila mteja anaona tofauti. Walijaribu pia kutia rangi uzi mweupe wa dukani, lakini uzi mwingi wa huku ni wa plastiki, haunywi rangi ya kuchemsha nyumbani: ukiosha mara moja, maji yanakuwa mekundu na uzi unabaki mweupe. Vijiti vimebaki uani. Kofia tatu zimeuzwa.

Mchuuzi alipiga simu kutoka Goma katikati ya mwezi wa kwanza kusema mzigo umefika. Siku kumi baadaye vita viliingia Goma. Umeme ukakatika, mtandao ukakatika, na namba ya koko ikawa inajibu kwa sauti ile ya mashine kwamba mteja hapatikani. Mama alipiga asubuhi, mchana, jioni. Binti alikuwa amevaa skafu usiku na mchana, hata wa kulala, na mama hakumkataza. Siku hizo hakufuma.

Simu ilipopatikana, wiki ya kwanza ya mwezi wa pili, ilikuwa koko anayepiga kutoka kwa jirani aliyechaji kwa jua. Wote wazima. Dirisha moja limevunjika, chakula kidogo. Maneno ya watu wazima yalikwisha haraka, kwa kuwa mengi hayasemeki kwa simu, na mtoto mkubwa akapewa. Mdogo naye akanyang'anya upande wa huku.

– Unayo?

– Ninayo shingoni.

– Mimi pia. Anza wewe.

Mkubwa akaanza kutaja kutoka ncha ya kwanza, na mdogo akifuata kwa kidole. Manjano. Manjano. Chungwa. Chungwa. Mama alitaka kusema krediti ya watu itaisha, akaacha. Walipita mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakiharakisha, wakicheka pale mmoja alipotangulia. Mzunguko wa nne ukapita. Manjano. Chungwa. Nyekundu.

– Move, akasema wa Goma.

– Kijani, akasema wa Butembo.

– Move! Hesabu vizuri.

– Nimehesabu. Ni kijani. Mama, mwambie.

– Mwambie mama akuonyeshe, baada ya nyekundu inakuja move, halafu buluu.

– Yangu haina. Zilibaki Lubero, chini ya kitanda.

Upande wa pili ukanyamaza kidogo. Halafu ile sauti ikauliza kitanda gani, cha nani, kwani walikuwa na kitanda Lubero, na mdogo akaanza kueleza habari za chumba cha mbao, lori la viazi na gunzi kwenye sindano, kwa kelele, mpaka krediti ikakatika akiwa katikati ya neno.